Kozi fupi za bure za OpenLearn: kusoma kwa simu hadi hati itoke

Watu wazima wengi huanza kozi ya bure mtandaoni na kuishia njiani, na mara nyingi kinachowakwamisha si ugumu wa somo. Ni vitu vidogo: kusoma bila kuingia kwenye akaunti, kuruka kurasa, bando kuisha katikati ya video. Mwongozo huu ni wa OpenLearn, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2006 na The Open University ya Uingereza. Ina kozi za hesabu, afya, lugha, biashara, kompyuta, historia na mengine mengi. Kusoma ni bure, na hati ya ushiriki pia ni bure. (Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni chuo kingine kabisa, majina tu ndiyo yanafanana.)

Kuchagua kozi

Kila kozi inaonyesha saa inazohitaji na ngazi yake: 1 kwa anayeanza, 2 ya kati, 3 ya juu. Hata kama una digrii, anza na kozi ya ngazi ya 1 isiyozidi saa 6. Utauzoea mfumo kabla ya kujitwisha mzigo mkubwa. Kozi nyingi zenye beji ya kidijitali (alama ya mtandaoni inayoonyesha umefaulu majaribio ya kozi) ni za saa 24 zilizogawanywa kwa wiki 8, yaani saa 3 kwa wiki. Nusu saa kwa siku, siku sita, inatosha na ya saba unapumzika.

Angalia pia kama somo limefungwa na sheria za Uingereza. Kozi za fedha binafsi, kwa mfano, zina sura nzima za kodi na pensheni za huko, ambazo hazikusaidii mtu wa Mwanza au Kisumu. Utunzaji wa hesabu, Kiingereza cha kusomea na usalama mtandaoni ni salama zaidi, kwa kuwa kanuni zake ni zilezile popote.

Kujisajili, na mtego wake

Tovuti inakuruhusu kusoma bila akaunti. Huo ndio mtego: kurasa ulizosoma hivyo hazihesabiwi. Fungua akaunti kwanza na uandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, maana ndilo litakalotokea kwenye hati. Kisha fungua ukurasa wa kozi yenyewe na ujiandikishe humo. Akaunti peke yake haitoshi. Kila kozi inataka uandikishwe.

Hati ya ushiriki hutolewa ukishafungua kurasa zote za kozi ukiwa umeingia, zikiwemo za mwisho ambazo watu huziacha: hitimisho, marejeo, shukrani. Ukidhani umemaliza na hati haijatoka, rudi kwenye orodha ya yaliyomo, upitie ukurasa mmoja mmoja. Karibu kila mara kuna mmoja ulioruka.

Kubana bando

Kozi nyingi zinaweza kupakuliwa kama faili la PDF, Word au ePub. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, soma nyumbani bila intaneti, halafu siku ukiwa na mtandao ingia kwenye akaunti ufungue kurasa zilezile ili zihesabiwe. Ndiyo, mfumo haujui kama umesoma. Unajua tu kwamba umefungua. Ukijipunja hapo ni shauri lako.

Video ndizo zinazokula bando. Karibu kila moja ina maandishi ya yanayosemwa, hivyo soma hayo, na video uifungue pale tu inapoonyesha kitu cha kutazama kwa macho.

Kusoma kwa daftari

Kozi zina maswali katikati na jibu limefichwa chini yake. Usilifungue kabla ya kuandika lako. Tuseme uko kwenye utunzaji wa hesabu, mahali pa kanuni kwamba mali ni sawa na mtaji jumlisha madeni. Ondoa mfano wa kampuni ya Kiingereza, weka duka lako: mtaji wako 300,000, mkopo 200,000, pesa mkononi 500,000. Sasa nunua friji ya 150,000 kwa pesa taslimu. Mali ni ngapi? Wengi huandika 650,000. Jibu ni 500,000 ileile: friji imeingia 150,000, pesa zimebaki 350,000. Ukikosea hivi kwenye daftari lako, hurudii kosa hilo.

Lugha ni Kiingereza. Kutafsiri ukurasa kwa kivinjari kunasaidia kupata picha ya jumla, lakini maneno ya kitaalamu huharibika: “interest” ya mkopo inaweza kukujia kama “maslahi” badala ya riba. Maswali ya majaribio yasome kwa Kiingereza chake, na weka kurasa mbili za mwisho za daftari kwa msamiati.

Majaribio ya beji

Kozi za wiki 8 huwa na jaribio la beji wiki ya 4 na la pili wiki ya 8. Alama zinazotakiwa zimeandikwa mwanzoni mwa kozi. Usipofikia, unasubiri saa 24 ndipo urudie, kwa hiyo usiliache jaribio hadi usiku wa kuamkia siku ya kupeleka maombi ya kazi.

Kuitumia hati

Hati hizi hazihesabiwi kama sehemu ya masomo ya shahada (“credit”) wala si cheti cha kuhitimu. Kwenye wasifu andika jina la kozi, saa zake, mwezi na mwaka, kisha OpenLearn, The Open University. Ukiandika kwamba “umesoma The Open University” utaulizwa shahada, na hapo utaaibika bure.

Walimu wa shule za msingi wana njia ya ziada. Mradi wa TESSA, wa elimu ya walimu katika Afrika Kusini mwa Sahara, unaoongozwa na chuo hichohicho, una moduli za kufundishia zilizoandikwa kwa Kiswahili, nazo ni bure kupakua.

Ukihamia tovuti nyingine, soma sharti la cheti kabla hujaanza. Alison ya Ireland, kwa mfano, inakuachia usome bure, lakini cheti unakilipia.