Kuusoma mwendo kabla ya kuongeza mazoezi: mwongozo kwa walimu wa Pilates

Mwalimu wa Pilates akitaka kujiendeleza, mara nyingi hutafuta kozi ya mazoezi mapya. Nami nilifanya hivyo kwa miaka. Nilikuwa na vyeti, nilijua mfuatano wa mazoezi kichwani, lakini miguu ya mwanafunzi iliponyanyuka katika zoezi la kuinuka kwa kujikunja, lile la kulala chali na kuamka pingili moja baada ya nyingine hadi kuketi, nilikuwa na maneno mawili tu: "Kaza tumbo." Akakaza. Miguu ikanyanyuka vilevile. Nikarudia maneno yale yale kwa wiki kadhaa, na yeye akaamini kwamba ni mdhaifu. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuwa mdhaifu.

Katika kitabu chake cha mwaka 1945, Joseph Pilates, mwanzilishi wa mfumo huu wa mazoezi, alieleza mazoezi 34 ya mkekani. Huhitaji zaidi ya moja kuanza kazi hii. Nitatumia hilo hilo la kuinuka.

Hatua ya 1: Lala wewe mwenyewe, polepole

Fanya zoezi mara tano kwa kasi ya kobe, kisha andika mahali ulipokwama, ulipoziba pumzi, na mahali mgongo uliporuka kipande. Usisahihishe kitu. Andika pia sehemu uliyojisaidia kwa kurusha mikono, maana wengi wetu tunajisaidia bila kujua. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 2: Orodhesha viungo, misuli baadaye

Tumezoeshwa kuanza na majina ya misuli. Mimi naanza na swali rahisi zaidi: kiungo gani kinasogea, kwa kiasi gani, na kipi kinatakiwa kitulie? Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Katika kuinuka, shingo hujikunja kwanza, kifua kinafuata, kisha kiuno, na nyonga ndiyo inayomalizia safari. Chora mstari, gawanya zoezi katika vipande vitatu, na chini ya kila kipande andika kiungo kinachofanya kazi kubwa.

Ukifanya hivi utagundua kwamba baadhi ya maelekezo tunayoyatoa kila siku yanapingana na mwili. Mfano ninaokutana nao mara nyingi ni wa bega. Mkono ukipanda hadi juu ya kichwa, takriban nyuzi 180, karibu theluthi mbili ya mwendo huo hutoka kwenye kiungo chenyewe cha bega na theluthi moja kwenye kombe la bega linaloteleza na kuzunguka juu ya mbavu. Sasa mwalimu anasema, "Inua mikono, vuta mabega chini!" Anamwomba mtu afunge mlango anaopita. Mwanafunzi mtiifu atatii, kisha atatafuta nyuzi zilizopotea kwa kupinda kiuno na kutoa mbavu nje, na mwalimu yule yule atamsahihisha mbavu.

Hatua ya 3: Ufuate uzito

Hapa ndipo nilipoelewa ile miguu. Kaa na hatua hii muda mrefu kuliko nyingine zote.

Misuli inayokunja nyonga, ukiwemo msuli mrefu wa ndani uitwao soasi, imeshika pingili za kiuno na fupanyonga upande mmoja, na mfupa wa paja upande wa pili. Inapovuta, huvuta ncha zote mbili. Ni kama watoto wawili kwenye ubao wa kupandishana: anayenyanyuka ni yule mwepesi, na uzito wa kila mmoja unategemea pia ameketi umbali gani kutoka katikati. Kichwa, mikono na kiwiliwili kwa pamoja ni takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili. Miguu yote miwili ni theluthi moja iliyobaki. Kwa hiyo mtu anayejaribu kuinuka na mgongo ulionyooka kama mbao ana mzigo mkubwa ulio mbali na nyonga. Misuli ikivuta, miguu ndiyo inayokuja.

Mgongo ukijikunja vizuri, kichwa na kifua husogea karibu na nyonga. Kilo ni zile zile, lakini mzigo umepungua. Kazi ya misuli ya tumbo katika nusu ya kwanza ya zoezi ni kukunja mgongo hivyo. Mwanafunzi wangu alikuwa anakaza tumbo barabara, ila kiuno chake kilikuwa hakijikunji, kimebaki bapa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kukaza zaidi kulimfanya awe mgumu zaidi.

Hatua ya 4: Badilisha kitu kimoja tu, kisha tazama

Ukishakuwa na dhana, ijaribu. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia. Kwa miguu inayonyanyuka, mimi hufuata mpango huu:

Kwanza, mikono. Badala ya kuanzia juu ya kichwa, ianzie kando ya mwili. Miguu ikitulia, tatizo lilikuwa ukubwa wa mzigo, na unaweza kuuongeza kidogokidogo.

Pili, mrudishe kinyume. Aketi, magoti yamekunjwa, ashike mapaja kwa nyuma, ashuke taratibu. Kaa ubavuni mwake, macho yako yawe usawa wa kiuno chake, si juu. Utaona mgongo wa chini ukijaza duara au ukishuka kama kipande kimoja. Nilipomtazama yule mwanafunzi kutoka hapo, nilikiona kile kipande bapa ndani ya sekunde chache, baada ya wiki zote zile za kusimama mbele yake.

Tatu, mfunge uzito wa kilo moja kwenye kila kifundo cha mguu. Akiinuka laini, na mgongo wake unajikunja vizuri, basi ni umbo lake tu: kiwiliwili kirefu au kizito, miguu myepesi. Hana cha kusahihishwa. Mwambie hivyo waziwazi, maana huenda amebeba aibu hiyo kwa muda mrefu.

Piga video kutoka ubavuni kabla na baada, kwa ruhusa yake.

Hatua ya 5: Chagua maneno

Tafiti za Gabriele Wulf, mtafiti wa jinsi watu wanavyojifunza mwendo, na wenzake, zilizoanza miaka ya 1990, zimeonyesha mara nyingi kwamba mtu hujifunza mwendo vizuri zaidi akielekeza mawazo kwenye matokeo ya mwendo nje ya mwili kuliko kwenye kiungo chenyewe. Kwa hiyo "kunja pingili za kiuno" nimeiacha. Nasema, "Chapa mgongo wako kwenye mkeka, alama moja moja." Andika maelekezo matatu kabla ya somo, jaribu yote, na ufute lile ambalo halikubadilisha mwendo hata kama unalipenda.

Wala usidai kila marudio yafanane. Nikolai Bernstein, mwanasayansi wa mwendo wa Kisovieti, katika miaka ya 1920 alipima wafanyakazi wazoefu wakipiga nyundo na kukuta kwamba nyundo ilifika palepale ilhali viungo vya mkono vilipita njia tofauti kidogo kila pigo. Ustadi hujirekebisha. Mwanafunzi anayeinuka tofauti kidogo leo kuliko jana huenda anajifunza.

Hatua ya 6: Jua zoezi lisilomfaa mtu

Mwenye osteoporosisi, yaani mifupa iliyopungua uimara, haanzishwi zoezi la kujikunja hivi kwa mzigo. Pingili zake zinaweza kuvunjika. Mwenye ganzi sehemu za siri au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo pamoja na maumivu ya mgongo aende hospitali siku hiyo hiyo. Si kazi ya mkeka.

Rudia hatua hizi na watu watano wenye miili tofauti, kisha hamia zoezi jingine. Napendekeza la kuzungusha kiwiliwili ukiwa umeketi, miguu imenyooshwa. Pingili za kiuno huzunguka nyuzi chache tu kila moja, kwa hiyo mzunguko mwingi lazima utoke kifuani. Mketishe mwanafunzi sakafuni, mpime anazunguka hadi wapi. Kisha mketishe juu ya tofali la povu, mpime tena. Mara nyingi ataongeza mzunguko bila kuambiwa neno. Andika kwa nini, ukianzia kwenye misuli ya nyuma ya paja na fupanyonga.