Namna ya Kutumia Dawa ya Kuzuia Usingizi wa Mchana kwa Muda Mrefu

Dawa inayoandikwa zaidi kwa watu wanaolemewa na usingizi mchana ni modafinili, iliyotengenezwa Ufaransa na kuidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1998. Ilifuatwa na ndugu yake armodafinili mwaka 2007, na baadaye zikaja solriamfetoli na pitolisanti. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye daktari amekwisha kumwandikia mojawapo, hasa modafinili, na ambaye anatarajia kuimeza kwa miezi au miaka. Dawa hizi huondoa hali ya kusinzia, lakini haziutibu ugonjwa unaoileta, wala haziwezi kushika nafasi ya usingizi wa usiku. Kwa sababu hiyo, anayezitumia kwa muda mrefu analazimika kujipima mara kwa mara, kwani mwili wake umenyimwa ile ishara ambayo ingemwonya kwamba hali imebadilika.

Kwanza hakikisha kwamba kinachotibiwa ni usingizi, si uchovu. Mchovu hukosa nguvu, lakini akijilaza mchana mara nyingi hapati hata lepe la usingizi. Mwenye usingizi uliokithiri husinzia katika daladala, ibadani, na hata katikati ya mazungumzo. Tofauti hii si ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu uchovu wa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu utando wa neva, ulionyesha kwamba modafinili haikuwasaidia kuliko kidonge kisicho na dawa. Upungufu wa damu, kasoro za homoni za tezi ya shingo na sonona vyote humfanya mtu azorote mchana, na kila kimoja kina tiba yake. Vivyo hivyo dawa za mzio kama Piriton, ambazo watu wengi huzimeza kwa mafua bila kuzihesabu kuwa dawa. Kwa aliyeishi au kufanya kazi kwenye maeneo yenye mbung'o, daktari aulizwe pia kuhusu malale, ugonjwa unaovuruga usingizi wa usiku na wa mchana na unaotaka dawa ya kuua vimelea. Kumpa mgonjwa huyo kidonge cha kumchangamsha ni kumchelewesha.

Mwenye tatizo la kukatika pumzi usingizini aendelee kutumia mashine yake ya kusukuma hewa kila usiku. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaona mchana wako macho, wanaitupa barakoa ya mashine hiyo kabatini, na moyo unaendelea kuumia usiku kucha bila wao kuhisi lolote.

Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, andika alama yako ya kipimo cha Epworth, kilichotungwa Australia na kuchapishwa mwaka 1991. Kina maswali manane kuhusu uwezekano wa kusinzia ukiwa umekaa unasoma, unatazama televisheni, uko kwenye gari kama abiria kwa saa nzima, na hali nyingine kama hizo. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla inayozidi 10 huhesabiwa kuwa usingizi uliopita kiasi. Rudia kipimo hicho kila baada ya miezi michache, na umwombe mtu unayeishi naye aseme anavyokuona, kwa kuwa msinziaji mara nyingi hajui kwamba amesinzia.

Kiasi cha kawaida cha modafinili ni miligramu 200 kwa siku, asubuhi. Kuongeza hadi miligramu 400 huvumilika kwa wengi, lakini majaribio hayakuonyesha kwa uthabiti kwamba faida huongezeka, kwa hiyo usipandishe dozi kwa uamuzi wako. Mwili huchukua takriban saa 15 kuipunguza dawa kwa nusu: ukimeza saa 1 asubuhi, nusu yake ingalimo mwilini saa 4 usiku. Ukisahau na adhuhuri ikawa imepita, acha hadi kesho. Wanaofanya kazi za zamu za usiku huelekezwa kumeza saa moja kabla ya zamu, ingawa Ulaya tangu mwaka 2011 imeibakiza dawa hii kwa wenye nakolepsia pekee, yaani ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu azidiwe na usingizi mchana, baada ya kuona kwamba kwa wengine madhara hayalingani na faida.

Jambo linalostahili nafasi kubwa kuliko yote, na ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha pale dawa inapotolewa dirishani, ni uzazi wa mpango. Modafinili huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja homoni, na hivyo hudhoofisha vidonge vya kuzuia mimba, sindano na hata kijiti cha mkononi, ambacho mwanamke hukiamini kwa miaka bila kukifikiria tena. Nguvu hiyo haikomi siku unapoacha dawa: maelekezo ya Marekani yanataka kinga nyingine iendelee kwa mwezi mmoja baada ya kuacha, na ya Ulaya miezi miwili. Kitanzi cha shaba hakiguswi na tatizo hili, kwa kuwa hakitumii homoni. Kondomu pia ni njia ya kuongezea. Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa sababu taarifa za wajawazito waliotumia modafinili zilionyesha ongezeko la kasoro za kuzaliwa, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikaelekeza kwamba isitumike wakati wa ujauzito. Pitolisanti nayo hudhoofisha homoni hizo, kwa hiyo kuhamia kwake si njia ya kulikwepa tatizo.

Mweleze mfamasia dawa zako zote, zikiwemo za kifua kikuu, kifafa, VVU na za kuzuia damu kuganda. Rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa zinaweza kupunguza modafinili mwilini, ilhali modafinili inaweza kuongeza kiwango cha fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, na kuvuruga kazi ya wafarini, inayozuia damu kuganda.

Pima shinikizo la damu kabla ya kuanza, kisha katika kila hudhurio, na mara nyingi zaidi ukiwa na presha tayari au ukitumia solriamfetoli. Miraa usiichanganye na dawa hizi. Zote mbili huamsha mwili na kusukuma moyo, na aliyezoea kutafuna hataweza kujua mapigo ya kasi yametoka wapi.

Maumivu ya kichwa ndiyo madhara ya kawaida zaidi, na kwa wengi si ya kutisha. Upele ni habari nyingine. Ukitokea, hasa ukiwa na malengelenge, vidonda mdomoni au homa, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Hatari hii huwa zaidi katika wiki tano za mwanzo, lakini imewahi kutokea baadaye. Kuona au kusikia yasiyokuwepo, kupandwa na furaha isiyo na sababu, au mawazo ya kujidhuru pia ni sababu ya kuacha na kumwona daktari bila kuchelewa.

Majaribio yaliyolinganisha modafinili na kidonge kisicho na dawa kwa wenye nakolepsia yalidumu wiki 9, kwa hiyo anayeitumia miaka hategemei majaribio hayo peke yake. Hutegemea pia daktari anayemkagua upya. Mwombe angalau mara moja kwa mwaka mzungumze kama dawa bado inahitajika, na kama inafaa kuijaribu hali bila dawa kwa siku kadhaa. Katika jaribio moja la wiki hizo 9, waliositishiwa dawa walifuatiliwa siku 14 na hawakuonyesha dalili mahususi za kuachishwa, ila usingizi wao ulirudi. Basi panga siku hizo wakati ambapo hutaendesha gari, bodaboda wala mashine, na uwe na mtu wa kukutazama nyumbani.