Kuongeza chumba kwenye nyumba ya kando ya ziwa Minnesota: jinsi ya kuomba msamaha wa masharti

Kazi yangu ni kuchora nyongeza za nyumba kando ya maziwa ya Minnesota, Marekani. Mteja huja na picha ya sebule ya vioo inayotazama maji, sheria anauliza baadaye. Mimi humrudisha kwenye kiwanja kwanza. Kanuni ikizuia chumba, huombwa msamaha wa masharti, yaani ruhusa ya kujenga bila kufuata kipimo fulani cha kanuni kwenye kiwanja hicho.

Hatua ya 1: Tafuta mstari wa maji. Umbali wa jengo kutoka ziwani haupimwi kutoka pale maji yanapoishia leo. Hupimwa kutoka kiwango cha juu cha kawaida cha maji, na ziwa likikauka kidogo mstari huo hausogei. Mpimaji aliyesajiliwa auchore kwenye ramani pamoja na nyumba, karo la maji taka na njia ya gari.

Hatua ya 2: Jua daraja la ziwa, yaani kundi lake kisheria. Ziwa la mazingira ya asili hudai jengo liwe futi 150 kutoka mstari huo. La burudani ni 100, au 75 ukiwa umeunganishwa na bomba la umma la maji taka. Daraja lenye ujenzi mwingi ni 75, au 50 ukiwa na bomba hilo. Hicho ni kima cha chini cha jimbo. Kaunti inaweza kubana zaidi. Halafu piga hesabu ya paa, lami na zege: visizidi asilimia 25 ya kiwanja. Hapa wengi hunaswa, maana chumba kiko mbali na maji lakini paa lake ndilo linalovusha kiwango.

Hatua ya 3: Jaribu kutoomba. Sogeza chumba upande wa barabara, kipunguze, ng'oa zege la zamani. Usidhani kupandisha ghorofa kunakuokoa; ndani ya eneo lililozuiwa, mara nyingi nako huombewa. Hifadhi michoro uliyoikataa, utaihitaji.

Hatua ya 4: Andika maelezo. Hapa ndipo ombi hufa au hupona. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo, katika kesi ya gereji huko Minnetonka, ilikibana sana kipimo ambacho miji hutumia kutoa msamaha huu. Mwaka 2011 Bunge likakilegeza. Sasa unaonyesha ugumu wa kivitendo: matumizi yawe ya busara, tatizo litokane na upekee wa kiwanja na si kwa mkono wako, na sura ya mtaa isibadilike. Ombi pia lipatane na lengo la kanuni na mpango mkuu wa eneo.

Sharti la pili, la upekee wa kiwanja, ndilo gumu. "Wajukuu wameongezeka" ni jambo jema, lakini halihusu ardhi. Mteremko mkali, kinamasi nyuma ya nyumba, kiwanja chembamba kilichopimwa kabla ya kanuni: hayo yanahusu. Gharama peke yake haitoshi.

Hatua ya 5: Bisha hodi kwa majirani. Kwenye kaunti, taarifa ya kikao cha kusikiliza ombi lako huwafikia wenye ardhi ndani ya futi 500. Wasikie kwako kwanza, mchoro mkononi.

Hatua ya 6: Kikao. Piga vigingi na kamba pale kuta zitakaposimama, kwa kuwa wajumbe wanaoamua ombi huenda wakaja kuona. Jitolee mwenyewe kupanda mimea ya asili ufukweni. Wakikuwekea sharti, liendane na athari za ujenzi wako. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 60 tangu ombi likamilike, na muda huo unaweza kuongezwa kwa taarifa ya maandishi. Kaunti ikikukatalia, una siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya.