SOMO: Pilipili ya kupika ya chupa, na wapi pa kuweka "siri" yako

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara kumi na moja: "Dada, kwenye pilipili yako unaweka nini?" Wengine wananifuata inboksi usiku wa manane kana kwamba nauza magendo. Basi naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena atapewa linki.

Pilipili yenyewe ni ile ile ya kila nyumba hapa Tanga. Yangu na ya jirani zinatofautiana kwa kitu kimoja au viwili, na saa ya kuvitia.

Mahitaji: pilipili mbuzi zilizoiva nusu kilo, karoti 2, vitunguu maji 2, kitunguu saumu kichwa kizima, nyanya 3, siki nyeupe ya asilimia 5 kikombe kimoja (ml 250), mafuta nusu kikombe, chumvi vijiko 3 vya chai, sukari kijiko 1 cha chai.

1. Vaa glavu. Kama huna, jipake mafuta ya kula mikononi.

2. Osha, toa vikonyo, kausha kwa kitambaa.

3. Saga pilipili, karoti na saumu kwa ile siki. SI KWA MAJI. Iache na chengachenga, usiifanye juisi.

4. Kaanga vitunguu vilainike, tia nyanya, acha zikauke.

5. Mimina ulichosaga, chumvi na sukari. Moto mdogo, nusu saa hivi, ukikoroga. Madirisha wazi, watoto nje. Mafuta yakijitenga na kupanda juu, imeiva. Tumia sufuria ya stili, kwa sababu siki na ukwaju hula alumini na utaisikia ladha ya chuma ulimini.

6. Siri. Hapa ndipo nilipoumbuka, kwa hiyo someni taratibu.

Mwaka juzi nilipata oda ya chupa 24 za Idi. Nikajiona fundi. Nikatia ukwaju, tangawizi, uzile (bizari nyembamba), na karafuu za unga kijiko kizima, vyote kwa mpigo, katika sufuria moja. Nikaonja pale pale jikoni: tamu! Nikajaza chupa, nikalala. Asubuhi nafungua moja nile na muhogo, harufu iliyonipokea ni ya kwa daktari wa meno. Karafuu haitoi nguvu zake zote siku ya kwanza. Inakaa kimya usiku kucha, kukicha imemeza kila kitu. Na huwezi kuitoa. Nilipika upya mkesha wa Idi, na zile 24 nilizimwaga nikilia, sijui kwa uchungu au kwa moshi.

Tangu hapo nafanya hivi. Pilipili ya msingi ikishaiva naigawa vibakuli vitatu. Kila kibakuli kinapata siri MOJA. Nafunika, naonja KESHO yake, tena na chakula (wali mweupe au muhogo wa kuchemsha), maana kwenye kijiko kitupu utasikia ukali tu. Kinachonipendeza ndicho ninachopikia sufuria kubwa.

Saa ya kutia nayo ni muhimu. Ukwaju (gramu 100, uloweke, ukamue, uchuje), embe bichi la kukuna, tangawizi na tende zilizosagwa vinataka moto: vitie dakika kumi za mwisho. Uzile ukaange mkavu, utwange, uutie unapoepua. Ndimu ni baada ya kuzima moto, la sivyo harufu yote inaenda kwa majirani. Uwatu nusu kijiko cha chai, na ukiungua tupa, utakuwa mchungu kama mwarobaini. Karafuu MBILI kwa sufuria nzima, zisitwangwe, na zitolewe kabla ya kujaza chupa. Tui la nazi msitie kabisa, linachacha.

Yangu mimi ni embe bichi na uzile. Haya, imetoka.

7. Chupa za glasi, zichemshe dakika 10, zikauke kabisa. Jaza ingali ya moto, funga, ikipoa weka kwenye friji. Chota kwa kijiko kikavu.

MASWALI

Kobelo_T: Asante kwa somo dada. Sasa siri yako hasa ni nini?

Mwandishi: Hatua ya 6, mstari wa mwisho.

baba_Nuru: Sina siki. Naweza kutumia maji halafu niongeze mafuta mengi juu ili isiharibike?

Mwandishi: Hapana.

baba_Nuru: Mbona mkali? Bibi yangu alikuwa anafunika kwa mafuta.

Mwandishi: Sikukukasirikia, kaka, nimekuogopea. Mafuta yanazuia hewa tu. Kuna vijidudu vya sumu vinavyopenda mahali pasipo hewa wala uchachu, na kitunguu saumu kinatoka navyo udongoni. Chakula hakinuki, hakibadiliki rangi, unakula ukijua kizima, kisha unaishia hospitali. Kinachovizuia ni uchachu wa siki. Bibi pengine alitia ndimu nyingi, au pilipili yake haikumaliza siku mbili mezani. Huna siki, pika kidogo, mle leo.

Zuhura_wa_Muscat: Shikamoo dada. Mimi niko Muscat, huku ndimu kavu tunazo tele, zile nyeusi za kwenye mchuzi. Nimewaza zinaweza kushika nafasi ya ukwaju. Nizitie nzima au nizitwange?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Swali la mpishi hili! Ipasue, toa mbegu zote kwanza, maana hizo ndizo zenye uchungu, kisha utwange hilo ganda na nyama yake. Anza na MOJA kwa nusu kilo ya pilipili. Ina uchachu na harufu kama ya moshi, kwa hiyo usiichanganye na uzile mara ya kwanza, zitagombana. Ijaribu pamoja na tende, nadhani zitaelewana. Siki iache pale pale, ndimu kavu ni ya ladha tu. Uje utuambie.

mgeni_0: Kiasi cha siki?

Mwandishi: Kimeandikwa.

FundiRedio: Mimi nilitoa mbegu zote ili isiwashe sana, wapi! Iliwasha vile vile. Kwa nini?

Mwandishi: Kwa sababu ukali haukai kwenye mbegu. Upasue uone ule utando mweupe unaoshikilia mbegu: huo ndio mama yake. Mbegu zinawasha kwa kugusana nao tu. Kwangua utando kwa kijiko, ukali utapungua sana na ile harufu nzuri ya pilipili mbuzi itabaki. Au ongeza karoti. Na ukizidiwa mdomoni, maziwa, usinywe maji. Ule ukali hauyeyuki kwenye maji, utautembeza tu mdomo mzima.

FundiRedio: Kumbe! Na mikononi je? Nilijigusa jicho saa tano baadaye.

Mwandishi: Pole. Mafuta ya kula kwanza, sugua, ndipo sabuni ya vyombo. Ukianza na maji umechelewa. Jicho lenyewe ni maji safi mengi, hakuna ujanja mwingine.

Bi_Msuka: Nyongeza: brenda ikibaki na harufu, isagie mchele mkavu kiganja kimoja. Lakini juisi ya watoto msisagie humo, mimi nimeshapigiwa kelele.

Mwandishi: Bi Msuka ana haki. Mimi ninayo brenda ya pili, ya pilipili tu, na nimeiandika kwa rangi nyekundu.

kijana_Mkunazini: Je nikitumia hoho badala ya pilipili mbuzi?

Kobelo_T: Hoho haiwashi bwana, utapika mboga.

kijana_Mkunazini: Kwetu Unguja hoho inawasha. Isiyowasha ni pilipili boga.

Kobelo_T: Boga ni boga.

Mwandishi: Inayowasha tumia, isiyowasha weka kwenye kachumbari. Mengine anzisheni uzi wenu.

Zuhura_wa_Muscat: Dada nimerudi. Ndimu kavu moja, tende sita. Nimeonja usiku huu, mume wangu anataka nijaze chupa sasa hivi.

Mwandishi: Mwambie alale. Kesho, na wali.