Kupima presha nyumbani: namba ikikudanganya, kosa liko wapi?

Mashine ya presha ya kuvaa mkononi haisikilizi moyo. Mkanda wake hujaa upepo mpaka ubane mshipa, damu isipite. Kisha huachia taratibu huku ukinasa mtikisiko wa mshipa damu inapoanza kupita tena. Basi chochote kinachobana au kutikisa mkono kinaingia kwenye hesabu. Aliyetoka Ngamiani, hapa Tanga, kwa baiskeli saa saba mchana, akateremka na kupima papo hapo, namba yake haina maana.

Hatua ya 1. Nusu saa kabla, usivute sigara, usifanye kazi nzito, usinywe kahawa. Hilo la kahawa ndilo linalowashinda watu wa Tanga, maana vikombe viwili vya barazani hakuna anayevihesabu. Nenda msalani kwanza. Kibofu kikijaa, presha hupanda.

Hatua ya 2. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote sakafuni, bila kupandisha mguu juu ya mwenzake. Tulia dakika 5, kimya, simu kando.

Hatua ya 3. Mkanda ndio unaoharibu vipimo vingi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya sentimita 22 hadi 32. Soma maandishi yake. Mkono wa sentimita 36 ukilazimishwa humo, namba hupanda kwa uongo, na mtu huweza kuanzishiwa dawa asizohitaji. Nunua mkanda mkubwa. Uvae juu ya ngozi tupu, ukingo wa chini ukiwa vidole viwili juu ya kunjo la kiwiko. Mkono wa kanzu uliokunjwa ukabana juu nao ni kamba, uvue.

Hatua ya 4. Laza mkono mezani, weka mto chini yake mpaka mkanda uwe usawa wa moyo. Ukishuka sentimita 10, uzito wa damu peke yake huongeza milimita 7 au 8 za zebaki, ndicho kipimo cha namba za presha.

Hatua ya 5. Siku ya kwanza jaribu mikono yote. Wenye namba kubwa ndio wa kutumia daima. Pima mara 2, dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na chai, na tena jioni, kwa siku 7. Vipimo vya siku ya kwanza viache. Vitabaki 24: jumlisha namba za juu ugawe kwa 24, na za chini vivyo hivyo. Wastani ukifika 135 juu au 85 chini, hata mmoja tu, peleka daftari kwa daktari. Dawa usijiongezee wala usiache.

Ukiona 180 kwa 120 au zaidi, tulia dakika 5, urudie. Ikibaki palepale, mwone daktari siku hiyohiyo. Ikiwa pia kifua kinauma, pumzi inakatika, macho yana ukungu au upande mmoja wa mwili umelegea, usingoje kurudia: bajaji moja kwa moja mpaka hospitali ya Bombo, hata usiku wa manane.