Kabla ya kuendesha kompyuta ya chumbani ukiwa sebuleni

Mshale ukianza kujikokota kwenye skrini, watu hukimbilia simu kununua bando kubwa zaidi. Shilingi hizo ziache mfukoni. Kompyuta mbili zilizo chini ya ruta moja huzungumza humo humo nyumbani, na hata bando likiisha usiku kazi huendelea. Mara nyingi kinachozikwamisha ni waifai iliyo kati yao.

Kwa hiyo anza na ile kompyuta itakayoendeshwa, uiunge kwenye ruta kwa waya. Kwenye waifai vifaa hupeana zamu: chaneli moja, msemaji mmoja kwa wakati. Kompyuta zote mbili zikitegemea waifai, kila picha ya skrini hupita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwenye ruta, kisha kutoka humo kuja kwako. Waya mmoja tu unaondoa safari moja. Kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e inatosha kabisa. Hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na sijui nyumba ya Ntinda au Mbarara, hapa Uganda, yenye urefu huo. Ukienda dukani, uliza ili upate yenye nyuzi za shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba, maana kwa macho zinafanana. Tundu za ruta ya bei nafuu huenda ni za megabiti 100. Usihangaike, kwa kazi hii zinatosha.

Kompyuta unayoitumia sebuleni inaweza kubaki kwenye waifai, lakini iwe ya gigahezi 5. Kwenye nyumba za kupanga, ukuta kwa ukuta, waifai za majirani hurundikana kwenye gigahezi 2.4, ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, ila kuta za matofali huidhoofisha haraka, basi kaa chumba kilicho karibu na ruta. Kama ruta yako ni hotspoti ya simu, hakikisha kwanza vifaa vinaonana, kwa sababu baadhi ya simu huvitenganisha, sawa na mtandao wa wageni kwenye ruta nyingi.

Kisha pima. Fungua dirisha la amri, andika ping na anwani ya IP (namba ya kwenye mtandao) ya kompyuta ile. Kwa waya majibu hurudi chini ya milisekunde 1, na kwa waifai nzuri ni milisekunde chache. Ukiona 3, halafu 90, halafu 7, halafu 200, huko kuyumba ndiko mkono wako unakokuhisi, hata kama kipimo cha kasi ya intaneti kinakupa namba za kupendeza.

Angalia pia toleo la Windows la kompyuta itakayoendeshwa. Home haipokei muunganisho wa Remote Desktop, njia ya Windows yenyewe ya kuendesha kompyuta kwa mbali, Pro hupokea. Wenye Home hutumia programu kama TeamViewer au AnyDesk, nazo ni nzuri, lakini zikishindwa kupata njia ya moja kwa moja, picha hutoka nje hadi kwenye seva zao ndipo irudi chumba cha pili. Hapo bando linaliwa kweli, na kuchelewa kunaongezeka. Kwa Remote Desktop, ukuta wa moto (firewall) wa kompyuta hiyo uruhusu poti 3389, yaani mlango wake wa mtandao, kwa TCP na UDP pia, ila kwa mtandao wa nyumbani tu. Usiifungue kwenye intaneti hata siku moja. Wezi huitafuta usiku na mchana.

Upande wa picha ni mdogo: zima picha ya nyuma ya skrini, punguza ukubwa wa skrini kidogo. Filamu usiitazame kwa njia hii, nakili faili.

Halafu umeme. Uniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zikiisha, laptopu itabaki hai kwa betri yake, lakini ruta ikizimika mmeachana. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ianze na ruta. Ndani ya ruta hiyo itengee kompyuta anwani isiyobadilika, la sivyo umeme ukirudi huenda ikapewa nyingine ukabaki kuisaka. Izuie isilale yenyewe, na kama ni ya mezani, tafuta kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) chaguo la kujiwasha umeme unaporudi.