Mvinyo mwekundu wa aina moja ya zabibu katika joto la Dar es Salaam
Anayenunua mvinyo mwekundu wa bei ya juu wa aina moja ya zabibu, kwa mfano Pinotage ya Afrika Kusini, asiuweke juu ya kabati la sebuleni hapa Dar es Salaam, kwa kuwa joto la nyuzi 30 huuzeesha kabla ya wakati wake. Rangi yake na ule ukakasi unaoshika ulimi hutoka hasa kwenye maganda na mbegu, ambavyo huachwa ndani ya juisi wakati hamira inapogeuza sukari kuwa kileo. Kisha mvinyo hulainika polepole katika mapipa ya mwaloni, mara nyingi kwa mwaka mmoja au zaidi, na subira hiyo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili bei, huharibiwa na joto. Ushauri wa kuunywa katika joto la chumba ulianzia Ulaya, kwenye vyumba vya baridi. Hapa kwetu, tumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji yenye barafu kwa takriban robo saa, au iweke kwenye friji kwa saa moja na zaidi, hadi ikaribie nyuzi 18, ndipo umimine.